Taa za LED Kwenye Land Rover: Kazi Inaanzia Kwenye Waya

Mwenye Land Rover Defender akishafunga taa mpya za LED nyuma ya gari lake, lalamiko lake la kwanza huwa halihusu mwanga. Taa zinawaka vizuri tu. Tatizo ni indiketa: ukiigusa inapepesa mbio, mara mbili ya kawaida, na jirani aliyesimama pembeni anatoa hukumu kwamba umeuziwa taa feki. Huenda taa ni nzima kabisa. Gari linatoa taarifa kwamba kuna globu imeungua, kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa kiwandani: umeme unaopita ukipungua ghafla, mwambie dereva kwa kupepesa haraka.

Globu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwenye umeme wa volti 12 inakula ampia 1.75. Taa ya LED inayofanya kazi ileile inaridhika na robo ya ampia, au chini ya hapo. Tangu Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983 mpaka uzalishaji wa Defender ulipofungwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, mfumo wa taa za nyuma ulipangwa kwa kuzingatia ulaji wa globu. Swichi, flasha, unene wa waya, hata ubora wa ethi, vyote vilitegemea ampia zile. Ukiondoa globu na kuweka LED umebadilisha kitu ambacho saketi nzima ilikitegemea, na karibu kila kituko kinachofuata chanzo chake ni hicho.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa gari la lami tupu, nisingemshauri. Kwa gari linalovuka geti la Lodoare pale Ngorongoro na kuendelea hadi Serengeti, ushauri wangu ni tofauti. Barabara ile ya vumbi ina mawimbi madogo kama bati la nyumba, na uzi wa tangsteni ndani ya globu, ukiwa wa moto na mlaini, hauvumilii kutikiswa hivyo kwa saa nyingi. LED haina uzi wa kukatika. Faida ya pili inaonekana ukirudi kwenye lami. Globu huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake kamili, wakati LED inawaka papo hapo. Gari linalokufuata kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda zaidi ya mita nne katika muda huo. Kama nyuma yako kuna lori lililosheheni, mita nne si haba.

Faida ya tatu, ile ya kuokoa betri, wauzaji huipenda kupita kiasi. Injini ikiwa inazunguka, altaneta haijali wati chache za taa za nyuma. Utaiona faida hiyo pale tu gari linapoegeshwa kambini taa zikiwaka, na kwa kweli hakuna sababu ya kuziacha zikiwaka.

Unaponunua, nunua taa nzima, usinunue globu ya LED ya kuchomeka ndani ya taa ya zamani. Kioo na kiakisi cha taa ya zamani vilichongwa kwa ajili ya uzi mmoja unaong'aa pande zote kutoka sehemu moja. Ukichomeka pale kijiti chenye vidoti vya LED, mwanga unakwenda ovyo: mkali ukisimama mahali fulani, hafifu ukisogea hatua mbili kando. Hali huwa mbaya zaidi kama LED hizo ni nyeupe. LED nyeupe kwa asili ni ya bluu iliyopakwa unga wa kubadili rangi, na wekundu wake ni mchache, kwa hiyo kioo chekundu kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wake. LED nyekundu hutoa wekundu moja kwa moja. Ndiyo iliyotangulia pia: Nick Holonyak aliionyesha mwaka 1962 akiwa General Electric, miongo mitatu kabla bluu iliyozaa nyeupe haijafikia kiwango cha kutumika.

Tazama kioo cha taa kabla ya kutazama bei. Herufi E ndani ya duara pamoja na namba inaonyesha kwamba taa imepimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa, na namba inataja nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo, lakini taa isiyokuwa nayo kabisa imekujibu yenyewe. Viwango hivyo vinataka taa ya breki itoe angalau kandela 60 na taa ndogo ya nyuma angalau 4, na ni pengo kati ya hizo mbili ndilo linalomwambia anayekufuata kwamba umekanyaga breki. Taa nyingi za bei poa huwasha taa ndogo kwa ukali mno, kiasi kwamba breki ikiongezwa juu yake hakuna anayeiona. Iangalie ukiwa hatua ishirini nyuma ya gari, mchana wa jua kali na kisha usiku. Mtindo wa vioo vyeusi vya moshi ninaukataa bila mjadala: unanunua mwanga, halafu unaufunika.

Uliza pia volti. Land Cruiser kadhaa za dizeli za miaka ya 1980 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina umeme wa volti 24, na taa ya volti 12 ikifungwa humo haitafika jioni. Taa iliyoandikwa 10 hadi 30 inakubali mifumo yote miwili, na kwa kawaida saketi yake ya ndani ndiyo pia inayovumilia zaidi mishtuko ya umeme wa altaneta. Kuhusu maji, IP67 maana yake taa imezamishwa mita moja kwa nusu saa na haikuingiza maji. Hiyo inatosha kuvuka mito yetu mingi. Haisemi chochote kuhusu mashine ya kuoshea gari kwa presha inayoelekezwa kwenye ukingo wa kioo. Jaribio la namna hiyo lina alama yake, IP69K.

Kwenye Defender viakisi vyekundu vya nyuma vimefungwa peke yake, na visiondolewe. Kwenye magari mengine kiakisi kimejengwa ndani ya kioo cha taa, na taa mpya mara nyingi haina. Gari likizima kabisa gizani barabarani, kiakisi ndicho pekee kinachobaki kikifanya kazi.

Sasa tuje kwenye waya, ambako ndiko kazi iliko. Fungua taa za zamani lakini usitupe globu zake, kwa sababu ni testa bora kuliko multimita. Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu, umeoza na kuwa kijani ndani ya plastiki yake, bado utaonyesha volti 12 kamili na fundi ataridhika. Unganisha globu ya wati 21 kwenye waya huohuo na ukweli utajitokeza: itawaka manjano, kinyonge, au isiwake kabisa. Pima hivyo kila saketi, moja baada ya nyingine: breki, taa ndogo, indiketa zote mbili, rivasi.

Land Rover za zamani zina utaratibu wa rangi za Kiingereza ambao ukiujua unakuokolea muda: nyeusi ni ethi, kijani chenye mstari wa zambarau ni breki, kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ni ya kulia, na taa ndogo hutumia waya zenye msingi mwekundu. Nasema unakuokolea muda, sisemi uuamini. Gari lililopita mikono minne na gereji kumi lina waya za rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku ile.

Ethi inahitaji subira kuliko yote. Bodi ya Defender kwa sehemu kubwa ni alumini, bolti zake ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinalana taratibu. Hebu tuseme kutu imeleta ukinzani wa omu moja tu kwenye ethi ya upande wa kulia. Kwa globu ya indiketa unapoteza karibu volti moja na nusu, taa inafifia, na utaliona kosa. Kwa LED unapoteza robo ya volti, taa inang'aa kama kawaida, na ubovu unabaki pale ukiendelea kukua kimyakimya. Siku utakapofunga trela lenye globu zake za kawaida, ampia nne au tano zitalazimika kurudi kwa njia ileile mbovu. Hapo ndipo indiketa itakapoanza kupepesa na breki kwa pamoja, na lawama zote zitaelekezwa kwa LED.

Dawa yake ni kuacha kuitegemea bodi. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye chasisi, uikwangue mpaka chuma king'ae, bana kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi juu ili hewa isiingie. Washa globu ya majaribio, weka mguu mmoja wa multimita kwenye ethi ya taa na mwingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, rudia kukwangua.

Katika kuunga waya, kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakufai kwa gari la porini. Joto linalainisha gundi, vumbi linaingia, na mvua ya kwanza inamaliza kazi. Risasi ya kulehemu nayo ina udhaifu wake: inaufanya waya kuwa mgumu kama msumari, na mtikisiko unaukata pale ugumu unapoishia. Terminali iliyobanwa kwa koleo lake maalumu, ikafunikwa kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto, inadumu zaidi ya vyote viwili. Kumbuka kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Isipowaka, badilisha chanya na hasi kabla ya kurudi dukani kugombana.

Indiketa inayokimbia ina tiba mbili. Ya kwanza ni rezista, kwa kawaida ya omu 6, inayofungwa kati ya waya wa indiketa na ethi ili gari lidhani globu ingalipo. Inafanya kazi, lakini injini ikiwa inazunguka kwa volti 14 rezista hiyo inageuza zaidi ya wati 30 kuwa joto kila taa inapowaka. Acha hazadi zikipepesa nusu saa huku ukibadilisha tairi, kisha iguse uone. Nimeikuta imefungwa kwa tai ya plastiki kwenye mkungu wa waya nyuma ya kapeti. Kama huna njia nyingine, ifunge kwa skrubu kwenye chuma kitupu, mbali na plastiki na waya.

Tiba ya pili, ninayoipendelea kwa Defender na Land Cruiser za zamani, ni kubadilisha flasha yenyewe. Flasha za kale kabisa hutegemea kipande cha metali mbili kinachopinda kwa joto la umeme unaopita. Kwa LED hakipati joto la kutosha, na indiketa inawaka tu bila kupepesa. Za baadaye hupima umeme na kuharakisha zikiona umepungua. Flasha ya kielektroniki ya LED haijali ulaji. Inapepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika, iwe imebeba LED tupu au LED na trela. Soma tu wati inazoweza kubeba. Hasara yake ni kwamba taa ikifa haitakujulisha, kwa hiyo zunguka nyuma ya gari kila asubuhi. Magari mapya ambayo kazi ya flasha imo ndani ya kompyuta ya bodi hayakuachii chaguo hili, na huko rezista itakuhusu.

Utakapokuwa nyuma kila asubuhi, beba na kitambaa. Mgongo wa Defender umesimama wima, hewa nyuma yake inazunguka na kuvuta vumbi kurudi kwenye vioo, na hakuna idadi ya LED inayopenya vumbi la Olduvai lililoganda kwa umande. Na weka kwenye sanduku la vifaa taa moja ya zamani pamoja na globu zake. LED iliyojazwa gundi ndani haitengenezeki. Ikigongwa na kisiki imekwisha, na Mto wa Mbu utapata globu ya wati 21 kabla hujapata taa ya LED inayolingana na ya upande wa pili.

Kuna jaribio la mwisho ambalo mafundi wa mjini hulisahau kwa kuwa hawaendi porini. Madereva wa safari huitana kwa redio za VHF, na saketi za LED za bei rahisi hutoa kelele ya umeme inayoingia humohumo. Washa redio, fungua skwelchi mpaka usikie mfoko wa hewa tupu, kisha washa taa ndogo, kanyaga breki, weka indiketa. Mfoko ukibadilika au sauti ya mwenzako wa mbali ikizama taa zinapowaka, sogeza waya za taa mbali na waya wa antena na uvishe pete ya feraiti kwenye waya wa kila taa, karibu na taa yenyewe. Kelele isipopungua, rudisha taa hizo dukani.