Kadi ya Picha Inapochemka Kagugu

Kompyuta ya mezani ikianza kukwama katikati ya mchezo au wakati wa kuhariri video, na feni za kadi ya picha zikivuma hadi chumba cha pili, wengi wetu hapa Kagugu, Kigali, hulaumu jua. Jua halina kosa. Mchana wa Kigali kwa kawaida hauvuki sana nyuzi 27 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 15 au 16. Mtu wa Mombasa hucheza mchezo huo huo kwenye chumba chenye nyuzi 32, na kadi yake inahimili.

Cha kuangalia huku kwetu ni hewa na vumbi. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Feni huzunguka kwa kasi ile ile, lakini hewa inayoisukuma ina uzito mdogo, hivyo hubeba joto kidogo. Sehemu ya ule ubaridi wa milimani tunaojivunia huliwa hapo. Kisha inakuja Juni hadi Agosti, mvua zimekatika, na barabara za udongo mwekundu za upande huu wa wilaya ya Gasabo hutimua vumbi linaloingia kila dirisha.

Kabla ya kushika bisibisi, soma namba. Programu za GPU-Z na HWiNFO ni za bure. Ipe kadi kazi nzito kwa robo saa, kisha tazama. Kadi ya RTX 3060, kwa mfano, Nvidia imeiwekea kikomo cha nyuzi 93, na ikikaribia 83 huanza kujipunguzia kasi. Ikitulia kwenye 75 haina ugonjwa wowote, hata kama feni zinapiga kelele. Na kompyuta ikizimika ghafla huku kadi ikisoma 70, acha kuisumbua kadi; kachunguze pawasaplai.

Namba ikiwa juu kweli, ondoa ubavu wa kasha na urudie kipimo. Ikishuka kwa nyuzi saba au nane, kadi ni nzima ila kasha halipumui: feni ya mbele haipo, au kasha limebanwa ukutani. Isiposhuka, tatizo liko kwenye kadi yenyewe.

Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha umeme tuli ukutoke mwilini, kisha mulika kwa taa ya simu katikati ya mabawa ya feni. Mara nyingi utaona vumbi jekundu limefunika mapezi ya aluminiamu kama blanketi. Litoe kwa brashi laini na upepo wa mashine ya kupulizia, ukiwa nje ya nyumba. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu huzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye bodi, na beringi zake huchakaa.

Joto likibaki, punguza umeme. Katika programu ya MSI Afterburner, vuta kikomo cha umeme kutoka asilimia 100 hadi 80. RTX 3060 hutumia wati 170; hapo itabaki na 136, na wati 34 za joto zimeondoka bila kutoa hata faranga moja. Kasi inayopotea mara nyingi haifiki asilimia 10. Inanisikitisha kuona mafundi wakiiruka hatua hii na kukimbilia kuuza feni mpya.

Kufungua kadi na kubadilisha pesti ya joto kuje mwisho, pale ambapo sehemu yenye moto zaidi ya chipu inaizidi chipu yenyewe kwa nyuzi 25 au zaidi. Pesti ya zamani utaikuta imekauka na kukimbilia pembeni, katikati pakiwa pakavu. Hatari kubwa ni zile pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu. Zikichanika, mpya lazima ziwe na unene ule ule kwa milimita. Zikizidi, sahani ya shaba haikai sawa na kadi itachemka kuliko ulivyoikuta. Zikipungua, kumbukumbu zitaungua huku joto la chipu likisomeka zuri. Fundi akikuambia ataweka pedi zozote alizo nazo, chukua kadi yako urudi nayo nyumbani.