Barabara moja, ndimi nyingi

Barabara itokayo Mombasa kwenda Lamu hutajwa sana kwa ajili ya watalii na mizigo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hilo ni darasa refu la isimu lisilo na paa.

Tuanzie Mombasa, katika mtaa wa Ndia Kuu ulio karibu na Ngome ya Yesu. Ndia ni njia kwa Kimvita. Ukivuka daraja la Nyali la mwaka 1980, ukapita Mtwapa, kisha ukavuka daraja la Kilifi lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, utawasikia Wagiriama wakiiita njira. Kaskazini kidogo ya Malindi upo Mto Sabaki. Ni jina la mto huu ambalo wanaisimu wameipa familia ya Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Katika eneo la Garsen, Kipokomo hupakana na Kiorma, lugha ya Kikushi isiyo na nasaba na hizo. Baada ya Witu utafika Mokowe, ambako gari huachwa na mashua hupandwa. Ng'ambo, barabara kuu ya Lamu huitwa Usita wa Mui. Mui ni mji. Na njia, kwa Kiamu pia, ni ndia.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Haja ilikuwa kupata lugha moja ya vitabu na shule. Uteuzi huo haukuzigeuza lahaja nyingine kuwa makosa. Hata hivyo, mtoto wa Lamu akiandika "ndia" katika insha, hutiwa wino mwekundu na kuambiwa hajui Kiswahili. Kipindi kifuatacho, mwalimu yule yule hufundisha tungo za Muyaka au Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na maneno ya namna hiyo hiyo huyaita uhuru wa mshairi! Mshairi hakutumia uhuru wowote hapo. Alisema lugha ya kwao.

Sikatai kwamba mtihani unadai usanifu, na ni haki ya mwanafunzi kuufundishwa barabara. Ila walimu wenzangu, tumwambie ukweli: "Hapa tunaandika njia; kwenu ni ndia; vyote viwili ni Kiswahili." Mtoto anayeonea haya lugha ya mamake hatajifunza ya mwalimu kwa furaha.