Majani ya Miti Yanavyogeuka Maziwa

 

Jumamosi iliyopita tulijifunza maneno ya zizini: ndama, mtamba, fahali, kukamua. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa nini kila Februari Bibi anaomba pesa za chakula cha ng'ombe? Si ng'ombe anakula majani tu?" Wazazi waliokuwa nyuma ya darasa walicheka, kwa sababu simu hiyo wanaijua.

Sehemu kama Embu au Meru mashamba ni madogo, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa hakai malishoni kama hawa tunaowaona barabarani hapa Texas. Anakaa bandani na kuletewa chakula, hasa matete, ambayo wengi wenu mmesikia yakiitwa nepia. Mvua ikinyesha matete ni tele. Kuanzia Januari hadi Machi jua huyakausha, yakabaki magumu. Ng'ombe anajaza tumbo lakini hapati protini, na maziwa yanapungua. Hapo ndipo Bibi anapotaka chakula cha dukani, nacho ni ghali.

Miaka ya 1990, watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF walishirikiana na wakulima wa Embu kujaribu njia nyingine: kupanda kaliandra. Ni kichaka kilichotoka Mexico na Amerika ya Kati, majirani zetu sisi tunaoishi Missouri City! Majani yake yana protini nyingi. Kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani. Kumlisha ng'ombe mmoja mwaka mzima kunahitaji vichaka kama 500. Msishtuke, hupandwa kama ua mpakani na kwenye matuta, mahindi yakabaki na nafasi yake.

Kaliandra hulishwa vizuri zaidi ikiwa mbichi. Lakini ipo miti mingine, kama mforosadi, ambayo majani yake yanaweza kuhifadhiwa wakati wa mvua yaliwe kiangazi. Chakula hicho kinaitwa sileji. Mimi hukiita achari ya ng'ombe, maana kazi ni ileile: uchali unazuia kuoza.

Mkulima hukata matawi laini, akayaacha yanyauke kidogo, kisha akayakatakata vipande vya sentimita 2 au 3. Huchanganya na matete au mabua mabichi ya mahindi, akanyunyizia molasi iliyopunguzwa kwa maji. Molasi ni ya nini? Bakteria wazuri hula sukari na kutoa asidi, na majani mengi ya miti hayana sukari ya kutosha. Halafu anashindilia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki au shimoni, anashindilia tena, mpaka hewa yote itoke, na kufunga kabisa. Hewa ikiingia, ukungu unaingia nayo. Baada ya wiki tatu au nne sileji nzuri hunukia kama maziwa ya mgando. Ikinuka uozo, hutupwa.

Lusina nayo inafaa, ila ina sumu iitwayo mimosini, hivyo isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe. Na watoto mnaokwenda likizo nyumbani, msimpe ng'ombe jani lolote mlionalo. Ile oleanda yenye maua mazuri, iliyojaa Galveston, inaua ng'ombe hata ikiwa imekauka.

Mforosadi unaota hata hapa kwetu. Ndio ule unaopaka vidole rangi ya zambarau. Jaribuni na mzazi: katakata majani, tia kijiko cha molasi, shindilia kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, funga, weka kabatini. Mfuko ukivimba, ni gesi ya bakteria; mzazi aifungue kidogo, atoe gesi, afunge tena. Leteni darasani baada ya wiki nne tunuse.

Wazazi, kabla ya kutuma pesa za Februari ijayo, ulizeni bei ya miche ya kaliandra. Huchukua karibu mwaka kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwaka huu chakula cha dukani bado kitahitajika.

Kazi ya nyumbani: mpigieni Bibi au Babu. Kiangazi hiki, darasa likiisha saa sita mchana, Embu ni saa mbili usiku, bado hawajalala. Anzeni na "Shikamoo", kisha ulizeni: Mpakani mwa shamba kuna miti gani? Ng'ombe anaitwa nani? Leo ametoa lita ngapi?