Leseni ya Rubani Isilale Mezani

Mtaa wa Nyamirambo uko upande mmoja wa jiji la Kigali, na uwanja wa ndege wa Kanombe uko upande wa pili. Kijana wa Nyamirambo aliyehitimu urubani aweza kuuvuka mji huo kwa muda mfupi. Safari iliyo ndefu ni ile ya kutoka chuoni hadi kwenye leseni, na aghalabu sehemu yake ngumu si ya angani, bali ya ofisini.

Leseni ya rubani wa biashara ndiyo hati imruhusuyo mtu kulipwa ujira kwa kurusha ndege. Masharti yake ya chini yamewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Mwombaji sharti awe ametimiza umri wa miaka 18. Awe ameruka kwa saa 200, au saa 150 iwapo amefunzwa katika kozi iliyoidhinishwa. Awe amefaulu mitihani ya nadharia na ya vitendo, na awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Lakini shirika hilo halimpi mtu leseni. Kila dola hutoa leseni zake yenyewe na kubeba dhamana yake.

Hapo ndipo ukawiaji unapozaliwa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huenda akaanza masomo Soroti, nchini Uganda, ambako chuo cha urubani kilianzishwa mwaka 1971, kisha akayamalizia ng'ambo. Bi Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alisoma Soroti na baadaye Florida, Marekani. Afuataye njia kama hiyo hurejea nyumbani na hati za nchi mbili. Mamlaka ya nyumbani haina budi kuziandikia mamlaka za huko, kuuliza kama hati hizo ni za kweli, na kungoja majibu. Barua moja isipojibiwa, faili zima husimama.

Wapo wanaodai kwamba uhakiki huo ni usumbufu mtupu. Madai hayo hayana msingi. Mwezi Juni 2020 waziri wa usafiri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni zenye mashaka, wakishukiwa kuwa walifanyiwa mitihani na watu wengine. Wengi wao walisafishwa baadaye, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutokea: shirika la ndege la taifa lilipigwa marufuku kuruka Ulaya, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2024.

Hata hivyo, uhakiki ni jambo moja na uzembe ni jambo jingine. Askari wa zamu langoni hukagua kitambulisho kwa makini, kisha humruhusu mgeni apite au humrudisha. Hamwachi alale langoni pasipo jibu. Ofisi inayopokea maombi ya leseni haina udhuru wa kufanya kinyume chake.

Maana leseni ya urubani huishi kwa tarehe. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12. Faili likilala mezani miezi 6, nusu ya uhai wa cheti hicho imepotea kabla mwenyewe hajaruka hata mara moja kwa ujira. Kanuni pia hudai rubani awe amepaa na kutua mara 3 katika siku 90 zilizotangulia ndipo achukue abiria. Asiyeruka husahau, na kila saa ya kujikumbusha hulipiwa, labda na mzazi aliyekwisha kuuza kiwanja.

Jambo hili lawahusu askari pia. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago chasema kwamba ndege za jeshi, polisi na forodha ni ndege za dola, na Mkataba hauzihusu. Kwa hiyo askari aliyerusha helikopta kwa miaka mingi, akistaafu, hawezi kuajiriwa kurusha ndege ya kiraia kwa sifa hizo pekee. Huhitaji leseni ya kiraia, na saa zake huhesabiwa kadiri mamlaka itakavyokubali. Daftari lake la safari lisipokuwa na saini za wakuu wake, atangoja sana. Saini hizo hutafutwa wakati wa utumishi, si baada ya kustaafu.

Hadi mwaka 1977 idara moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisimamia anga ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya hiyo ilipovunjika, kila nchi ikashika njia yake. Tangu mwaka 2007, ambao Rwanda ilijiunga na Jumuiya mpya, wakala wa usalama wa anga wenye makao Entebbe umekuwa ukioanisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zinazofanana hupunguza maswali, lakini muhuri wa mwisho bado ni wa kila nchi.

Dawa, basi, si kulegeza ukaguzi. Mwombaji apewe tarehe ya kupokelewa kwa faili lake; hati iliyopungua itajwe siku ile ile; na siku ya kujibiwa ijulikane. Anayestahili apewe leseni, asiyestahili aambiwe sababu. Kumnyamazia si kulinda usalama wa anga.