Maiti Wawili wa Kasikeu na Hesabu ya Korona



Wasafiri wa Mombasa kwenda Nairobi huijua Sultan Hamud kwa chai ya njiani, lakini ni wachache wakumbukao kuwa mji huo umebeba jina la Sultani wa Unguja, Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala baina ya 1896 na 1902, zama za kujengwa kwa reli. Ukiiacha barabara kuu ukaingia ndani, wafika Kasikeu, kaunti ya Makueni. Waislamu wa huko ni wachache na wametawanyika, na huko ndiko tulikoitwa, baada ya maradhi ya korona kutulia, ili tusuluhishe jambo la mirathi.

Mzee mmoja alikuwa amefariki katika wimbi la mwaka 2021. Katika juma hilo hilo akafariki pia mwanawe mkubwa, aliyekuwa akiuza duka mjini Sultan Hamud, akaacha mjane na mayatima watatu. Wote wawili walikohoa, wote walibanwa na pumzi, wala hakuna aliyefikishwa hospitali. Walizikwa siku zile zile walizofariki. Swali likabaki: nani aliyetangulia?

Msomaji asiyezoea ilimu ya mirathi aweza kuliona swali hili dogo. Kama baba ndiye aliyetangulia, basi mwana alimrithi, na fungu lake likashuka kwa mjane na mayatima wake. Kama mwana ndiye aliyetangulia, wale mayatima hawapati kitu kwa babu yao, kwa kuwa mjukuu huzuiwa na mwana wa marehemu aliye hai, na ami zao wapo. Na iwapo haikujulikana nani alitangulia, madhehebu yetu ya Shafi husema hakuna anayemrithi mwenziwe, na hapo mayatima wamekosa vile vile. Shamba la ekari kadhaa lilikuwa likining'inia juu ya tofauti ya siku nne.

Ami wawili walisema ndugu yao ndiye aliyekufa kwanza. Mjane akasema sivyo. "Sheikh," alituambia kutoka nyuma ya pazia, "mimi nilimpikia mume wangu uji siku ya matanga ya baba yake. Aliunywa nusu." Hatukumwona yeyote pale kuwa mwongo. Msiba juu ya msiba huzichanganya siku, na wengi wao walikuwa na homa wenyewe.

Tukauliza vyeti vya kifo. Havikuwapo.

Sheria ya Kenya inataka kila kifo kiarifiwe. Anayefia hospitali huandikiwa na daktari katika fomu ya D1; anayefia nyumbani huandikiwa na naibu chifu katika fomu ya D2, na hapo hutolewa kibali cha kuzika. Ikipita miezi sita, huwa ni usajili wa kuchelewa, unaohitaji idhini ya msajili. Lakini sisi huharakisha jeneza, na kuharakisha ni sunna. Maiti wa asubuhi huswaliwa baada ya adhuhuri, na ofisi ya chifu huenda iko mbali au imefungwa. Tunasema tutaandikisha kesho. Kesho huja na wageni wa matanga, kisha eda, kisha karo.

Mwaka ule palikuwa na hofu pia. Watu walikuwa wameona katika runinga mazishi ya usiku kule Siaya, Aprili 2020, maiti akishushwa kaburini bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Kwa Muislamu, kuchelea kwamba mzazi wake atazikwa na wageni bila ya josho wala sanda ni jambo zito, na wako walioficha kikohozi kwa sababu hiyo tu. Hatuwalaumu sana. Twasema tu kwamba kilichofichwa hakikuhesabiwa.

Na sasa tuitazame hesabu yenyewe. Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020 na kifo cha kwanza tarehe 26 ya mwezi huo. Mpaka maradhi yalipotulia, vifo vilivyotangazwa Kenya nzima vilipita 5,600. Aliyeingia katika idadi hiyo ni yule ambaye maradhi yake yalifika machoni mwa hospitali. Mtakumbuka pia matangazo ya jioni yaliyosema kuwa baadhi ya vifo vilitokea miezi iliyopita, vikagunduliwa kwa kupekua madaftari ya hospitali. Jirani zetu wa Tanzania walifika 509 kwa wagonjwa na 21 kwa vifo mwaka 2020, kisha kukawa kimya zaidi ya mwaka, na ile 21 ikakaa kama ilivyo huku watu wakizika. Kwa ulimwengu mzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Mei 2022 kuwa vifo vilivyoripotiwa katika miaka ya 2020 na 2021 vilikuwa milioni 5.4, ilhali makadirio ya vifo vilivyozidi kawaida yalikuwa milioni 14.9. Humo wamo pia waliokufa kwa maradhi mengine kwa kukosa njia ya kufika kwa daktari.

Wapo waliodai kwamba serikali ziliongeza namba ili zipate misaada. Ushahidi wa kuongeza hatukuletewa. Wa kupunguza tuliukalia kitako Kasikeu.

Jambo hili si geni kwa umma wetu. Katika Misri ya Wamamluki, tauni ilipoingia Kairo, waliokufa walihesabiwa katika diwani ya mirathi. Ibn Taghribirdi, mwanahistoria aliyefariki 1470, alitanabahisha kuwa hesabu ya diwani ilikuwa pungufu, kwani waliohesabu majeneza penye sehemu za kuyaswalia walipata mengi zaidi. Diwani iliwajua wenye mali.

Na hapa pwani tunao mfano mwema. Tangu mwaka 2000 watumishi wa KEMRI mjini Kilifi wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo maalumu, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa dalili gani. Mama zetu wengi wa huko wamewahi kuwajibu, pengine kwa kuchoka. Kwa majibu yao ndipo ikajulikana kuwa baina ya Aprili 2020 na Mei 2022 vifo katika eneo hilo vilizidi kawaida kwa asilimia 4.8, na kwa wazee wa miaka 65 na zaidi vilizidi kwa asilimia 11.6. Lau ingalitajwa ile ya kwanza peke yake, tungalisema korona ilipita Kilifi kama upepo. Wazee ndio waliokuwa wakiondoka, na aliyejua ni yule aliyebisha hodi.

Kasikeu hakupita mtu wa kubisha hodi. Kilichotusaidia ni simu. Yule ami mdogo, ambaye kunyamaza kungemfaa, alikumbuka kuwa ni yeye aliyetuma fedha za sanda kwa M-Pesa, mara zote mbili, kwa kuwa wakati huo alikuwa kazini Mombasa. Akaomba taarifa ya miezi ile, akaisoma mbele yetu. Fedha za sanda ya baba zilitumwa Jumanne. Za ndugu yake, Jumamosi. Alipomaliza aliiweka simu mkekani, akasema, "Mama watoto alisema kweli."

Siku ya tatu tulikwenda nao kwa naibu chifu, mzee wa kijiji akiwa shahidi, wakaanza safari ya usajili wa kuchelewa. Baba akaandikwa kwa siku yake, na mwana kwa siku yake. Sababu ya kifo, kwa wote wawili, iliandikwa kuwa ni maradhi ya kifua. Katika hesabu ya korona ya Kenya hawamo.