Neno Dogo Linaloweza Kumpoteza Mgeni

Katika Kikamba na Kiswahili twasema “mto” tu, na msikilizaji hufahamu kama ni mto wo wote au ule unaojulikana. Kiingereza sivyo. Kitu kimoja kikitajwa mara ya kwanza hutangulizwa “a” au “an”. Kikiisha kujulikana hutangulizwa “the”.

Kwa hiyo mwenye kuanza habari huandika: “There is a river near our home.” Kisha huendelea: “The river is dry.” Kuanza kwa “Is river near our home”, kwa kuifuata “Kuna mto” yetu, ni kosa.

Katika kuchagua “a” au “an”, lifuate sikio, si jicho. Husemwa “an hour”, kwa kuwa h haisikiki. Lakini chuo kikuu, kama kile cha Kitui, ni “a university”, kwa kuwa mwanzo wake hutamkwa “yu”.

Majina ya miji, kama Wote, hayatangulizwi “the”. Majina ya mito hutangulizwa. Mto Athi wapita kati ya Makueni na Kitui, na katika Machakos, karibu na Nairobi, uko mji uitwao Athi River. Mtu wa Makueni akaaye kando ya mto akimwandikia mgeni “I live near Athi River”, mgeni aweza kushuka mjini, mbali sana. Akiandika “near the Athi River”, mgeni atautafuta mto.

Basi kabla ya kuifunga barua yako, isome tena.