MUZIKI KATIKA SHEREHE ZA KAMPUNI: NI NANI WA KULIPA?



Kijana mmoja wa Awindiri, mpiga picha za video, alituletea malalamiko yake. Alipatana na kampuni moja, ambayo jina lake tunaliacha, apige picha za sherehe yao ya kufunga mwaka. Kazi aliifanya vizuri. Dijei alipiga nyimbo za Kikongo na watu wakacheza mpaka usiku wa manane, mnajua wenyewe mambo ya Arua. Alipounganisha picha, kijana akaweka juu yake wimbo wa Franco, mzima, mwanzo mpaka mwisho. Kampuni ikaiweka video ile katika YouTube. Mtambo wa kule unaotambua nyimbo ukaushika, sauti ikazimwa. Bwana mkubwa akasema kazi ni mbovu, halipi.

Tulimwuliza kijana: mkataba ulisema ni nani atafute ruhusa ya muziki? Mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo.

Basi tuelezane. Wimbo uliorekodiwa una wenyewe wawili. Wa kwanza ni aliyeutunga. Wa pili ni mwenye rekodi, yaani aliyegharamia studio. Ukinunua kanda au sahani umenunua ya kusikiliza nyumbani kwako tu. Kupiga wimbo mbele ya wageni wa kampuni ni haki nyingine, na kuubandika wimbo juu ya picha ni haki nyingine tena. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Ruhusa ya kupiga muziki ukumbini hutolewa na chama cha wenye haki, kiitwacho Uganda Performing Right Society, kwa kifupi UPRS, kilichoanza 1985. Lakini risiti ya ukumbini haifuniki video. Kwa video lazima umwendee mtunzi au mwakilishi wake, na mwenye rekodi pia.

Wako wanaosema wimbo wa zamani ni wa bure. Franco alifariki Oktoba 1989. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya 2006 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabuni wenyewe: ni mpaka 2039. Wengine husema ukitumia sekunde 30 hakuna kosa. Maneno hayo hayamo katika sheria, ni ya vijiweni. Sheria hiyo ya 2006 iliweka faini isiyozidi shilingi 2,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 4, au vyote viwili. Si jambo la kuchezea kwa ajili ya malipo ya jioni moja.

Njia rahisi ipo hapa hapa kwetu. Kampuni na iwaite wapiga adungu wapige nyimbo walizotunga wenyewe. Ruhusa itatoka mikononi mwao siku hiyo hiyo, kwa karatasi, na fedha zitabaki West Nile. Lakini ninyi wapigaji, angalieni! Kupiga ni bei moja, kurekodiwa ni bei nyingine. Mwenye kamera hana haki ya kukurekodi bila wewe kukubali.

Na liko jambo kubwa zaidi, ambalo waajiri wanalijua na sisi hatulijui. Sheria hiyo hiyo inasema kazi iliyotungwa kwa ajira, au kwa kuagizwa, ni mali ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Ukiitungia kampuni wimbo wa matangazo bila kuandikiana, wimbo umekwenda. Wataupiga miaka kumi nawe huna senti. Kwa hiyo kabla ya kushika gitaa au kamera, andika: wimbo ni wa nani, utatumika wapi, kwa muda gani, na ni nani atakayelipia ruhusa za muziki wa watu wengine. Sisi tunasema alipe mwenye sherehe. Yeye ndiye aliyewaita wageni.

Mwenye mkataba asiouelewa aulete kwetu kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi tunabaki kubembeleza tu.

Yule kijana alikuwa na bahati kidogo. Katika simu yake ulikuwamo bado ujumbe ambao kampuni yenyewe ilimtajia wimbo ule iutakao. Tulikwenda nao ofisini mara tatu. Wamelipa nusu. Nusu ya pili bado tunaidai.